Nje ya Jiko la Mama

Mama Zaina alizikwa mimi nikiwa bado natafuta viatu vyangu vyeusi. Sisi watu wa milimani tukifiwa hukaa wiki nzima na zaidi, tukifanya vikao, tukichapisha picha za marehemu, tukibishana nani atasoma wasifu wake. Nikasahau kwamba Waislamu hawachelewi hivyo. Bintiye, Zaina, alinipigia simu asubuhi nikiwa likizo nyumbani Kibirichia, na kabla sijapata gari la kuniteremsha Meru mjini akapiga tena kuniambia wanaume wameshatoka makaburini. Basi nikaingia mtaa wao wa Majengo nimechelewa, nimevaa viatu vya shambani, na mgongoni nimebeba gunia la viazi kama mchukuzi wa soko, mimi ninayekaribia hamsini. Zaina alinikuta mlangoni nikihema. "Mwalimu Koome, na hii tena ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni viazi, mama yangu amekataa nije matangani mikono mitupu. Akainama, akashika kamba iliyoshona mdomo wa gunia, akaipapasa kwa kidole. "Bado anafunga mwenyewe?" Nikamjibu kwamba bado, macho yamechoka lakini mikono iko. Zaina akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikalia naye pale pale, gunia likiwa katikati yetu.

Nikapelekwa kwenye mkeka wa wanaume, nikapewa nafasi kwenye sinia la pilau na wazee watatu nisiowajua. Mmoja wao, mchinjaji kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa, akaniuliza nilimjuaje marehemu. "Alinipima," nikasema. Wakarudisha matonge yao siniani. Kwa watu wa rika letu mjini Meru, kupimwa na Mama Zaina kulikuwa na maana moja tu, maana yeye ndiye aliyekaa katika chumba cha VCT, vile vyumba vya kupimwa virusi vya UKIMWI kwa hiari, enzi vilipokuwa vipya na kila mtu akiviogopa. "Mara nne," nikaongeza, "na mara zote hakuona kitu." Mzee akacheka mpaka wali ukamtoka mkononi. "Sasa mtu hana ugonjwa, anapimwa mara nne, anatafutanga nini?" Nilimpa jibu la mzaha, tukaendelea kula. Jibu lenyewe ni refu, nami sijawahi kulisema lote kwa mtu yeyote isipokuwa wanawake wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa amezikwa siku ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu huko Embu. Siku ya mtihani wa kwanza nilikaa dawati la tatu kutoka dirishani, chini ya paa la bati, na hewa ya moto ya kutoka nyanda za chini ikiingia kama pumzi ya mtu aliye karibu mno. Nilijua majibu. Hilo ndilo watu hawaelewi hata leo, wanafikiri aliyekimbia mtihani alikimbia kwa sababu hakusoma. Nilisoma swali la kwanza, nikalijua, nikaweka kalamu kwenye karatasi, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Nikaushika kwa ule wa kushoto. Moyo ukaenda mbio, vidole vikawa baridi katika joto lile la Embu, koo likajifunga, nikawa na hakika kabisa kwamba ninakufa na kwamba nitakufa mbele ya watu. Nikasimama. Msimamizi alidhani naenda msalani. Siku ya pili nilifika mlangoni tu, ya tatu sikutoka kitandani. Siku ya nne nikafunga sanduku langu na kuondoka. Nilipaswa kwenda mpaka Kibirichia kwa mama, lakini nilipofika Meru mjini nikashuka, nikajiambia nitapumzika siku mbili nitafute maneno. Nilikaa miezi kumi.

Nilichagua Majengo kwa sababu niliamini hakuna mtu wa kwetu mwenye shughuli huko. Nikapata chumba nyuma ya msikiti, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, mlango wa bati, jirani upande mmoja mama wa kuuza mandazi na upande wa pili mzee aliyekohoa kwa zamu na adhana. Kazi nikapata kwa Mzee Hassan, mwenye kibanda cha chipsi karibu na mabucha: kazi ya kumenya viazi, kutwa nzima, karai moja la viazi vichafu na moja la maji. Mkono wangu haukutetemeka nikimenya. Nilidhani nimepona, au nimepata kazi inayonifaa, na siku zingine sikuona tofauti ya mambo hayo mawili. Kisha wiki ya tatu Mzee Hassan akateremshiwa magunia mapya, nami nikainama kufungua la kwanza na kisu nikakiacha hewani.

Anayejua viazi vya huku anajua jinsi gunia linavyojazwa mpaka lipite mdomo wake, halafu juu linasukwa wavu wa kamba ili viazi visimwagike. Kila mkulima ana mkono wake katika kusuka. Mama yangu husuka wavu wa macho madogo, na mwishoni hupiga mafundo mawili na kumalizia kwa kipande cha uzi wa bluu, uzi wa sweta yangu ya shule ya msingi aliyoifumua iliponibana. Ule uzi ulikuwa mbele yangu. Mzee Hassan akauliza kama nimeona panya. Nikakata kamba, nikamenya. Tangu siku hiyo, kila baada ya wiki mbili au tatu, viazi vya mama vilishuka mlimani vikanifuata nilikojificha, nikavimenya kimoja kimoja, na uzi wa bluu nikaweka mfukoni. Sikumwambia mtu.

Jumapili moja ya kila mwezi nilipanda nyumbani nikijifanya nimetoka Embu. Hapa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu mvulana akishatahiriwa haingii tena jikoni kwa mama yake. Yeye ni mwanamume sasa, meko si pake. Siku hizi vijana wengi hawajali, lakini katika boma letu jambo hilo lilikuwa zito. Kwa hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na minne, mazungumzo yangu yote na mama yalipitia ukuta. Jiko lake lilikuwa la mbao zilizoachana kidogo, moshi ukitokea katikati ya nafasi zake. Yeye ndani kwenye moto, mimi nje juu ya gogo, mgongo wangu kwenye mbao. Aliniletea chakula mlangoni, akarudi ndani, tukaongea hivyo, kwa Kimeru, bila kuonana. Sikuwahi kuona upungufu wowote katika hilo. Hapo ndipo aliniambia nani kaoa, ng'ombe gani kazaa, na hapo ndipo nilimdanganya kuhusu mtihani, kuhusu chakula cha chuo, kuhusu wenzangu. Aliniambia amechagua beberu wa siku ya mahafali, yule mwekundu. Nikasema vizuri, mama. Jumapili ya mwezi wa Aprili nilifika mapema, kabla hajajua nimekuja, nikamsikia akimwambia jirani yake mle ndani: "Mimi nitatoka hapa alfajiri nikakae mbele kabisa. Nataka wakimwita nimwone akisimama." Nilirudi nyuma mpaka kwenye migomba, mkono wa kulia ukanianza pale, mbali na kalamu yoyote. Mahafali yalikuwa baada ya miezi mitatu. Nisiposema, mama yangu angekaa kiti cha mbele kule Embu, amevaa gauni jipya, akisikiliza majina yote mpaka la mwisho, na langu lisiitwe.

Wanafunzi wanaokuja ofisini kwangu leo kutafuta ushauri wana jina la jambo hili. Msichana anaketi, anasema, "Mwalimu, niko na anxiety, hata nimegoogle," nami nafurahi moyoni kwamba amekuja na jina, hata kama amelipata kwenye simu. Mimi sikuwa nalo. Nilijua majina matatu tu ya kijana anayeshindwa kufanya alichotumwa: mvivu, mlevi, na aliyerogwa. Nilijipima kwa yote matatu na hakuna lililonienea. Siku moja mwanzoni mwa mwaka, nikipeleka chipsi kwa wauguzi wa hospitali, nikaona mlango umeandikwa kwamba ukiingia utaongea na mtu, siri yako haitatoka, na hutaulizwa jina. Sikujali ilikuwa ni kupimwa nini. Mjini humo ulikuwa ndio mlango pekee wa namna hiyo. Nikaingia.

Chumba kilikuwa kidogo: meza, viti viwili vya kutazamana, chupa ya chai, pazia la kijani la kujifichia anayetaka kulia, na juu ya kabati mti uliochongwa wa kufundishia kuvaa kondomu, ambao Mama Zaina, kwa aibu au kwa utani, aliufunika kitambaa chenye maua. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Majengo, baba yake mchinjaji na babu yake hakuna aliyejua alitoka nchi gani. Akaniuliza maswali yake, akanichoma kidole, akaniambia sina kitu. Nikashukuru, nikatoka, na zile dakika ishirini za kuulizwa "na wewe unaendeleaje?" zikanitosha wiki tatu. Nikarudi. Nikapimwa tena, nikatoka, hivyo mpaka zikawa mara nne. Mara ya tano aliweka sindano mezani bila kuifungua.

"Sikiza, kijana," akasema. "Damu yako mimi naijua sasa kuliko wewe. Haina kitu. Hii sindano ukitaka nitakuchoma, lakini niambie, wewe unatafuta nini hapa?"

"Sista, mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Sijui. Hiyo mkono inatetemeka tu."

Akasogeza chupa ya chai, akanimiminia. "Basi kunywa. Watu wakiuliza nitasema nakupima."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Alhamisi alasiri, saa ambayo wateja walikuwa haba, nilikwenda "kupimwa". Majengo yote ikaona. Mzee Hassan hakusema neno, ila akaanza kuniletea maini kutoka bucha jirani, akisimama mpaka nimalize, na supu ya mifupa asubuhi. Siku moja akanishika bega akasema, "Kula, kijana wangu, siku hizi kuna dawa." Alidhani nina virusi, nami nikala. Kusema kweli maini yalikuwa mazuri, na sikuwa na ujasiri wa kuyapoteza kwa ukweli. Nilinenepa, naye akamwambia kila mtu kwamba dawa zinafanya kazi.

Kwa Mama Zaina niliongea nikitazama meza. Alitaka nimtazame, maana ndivyo alivyofundishwa, kwamba mtu akikutazama anafunguka. Nami kadiri alivyonitazama ndivyo nilivyozidi kuinamia meza. Maneno ya kweli yalitoka pale tu alipogeuka kunawa mikono au kutafuta sukari. Nilimweleza chumba cha mtihani akinipa mgongo. Nilimweleza viazi vya mama akiwa ameinama chini ya meza akitafuta kifuniko cha chupa. Aliposikia habari ya kiti cha mbele akanipa shauri. "Mficha uchi hazai. Jumapili nenda nyumbani. Ingia jikoni kwa mama, kaa naye kwenye moto, mshike mkono, umtazame machoni, umwambie. Mama hawezi kukutupa."

Nilisimama nikatoka. Nilikasirika. Alikuwa ameniambia niende kwa mama nikiwa mtoto, nivunje kitu kimoja nilichokuwa bado nacho baada ya kushindwa vingine vyote, kwamba mimi ni mwanamume katika boma la kwetu. Alhamisi iliyofuata sikwenda, wala iliyofuata hiyo. Mahafali yakabakiza mwezi mmoja na siku kadhaa. Kisha Mama Zaina akaja kibandani akanunua chipsi, akasubiri Mzee Hassan aingie ndani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nilikukosea wapi?" Nikamweleza, nikiendelea kumenya, mambo ya meko na tohara na mbao na gogo. Akaweka chipsi zake chini. "Mimi nimezaliwa Meru hii," akasema, "nimewaosha watoto wa Wameru, na hilo sikulijua. Nimekosea. Nisamehe." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba msamaha kabla ya siku ile, si mwalimu, si mzee, si mchungaji. Nikamwongezea chipsi.

Alhamisi nilipofika nilikuta kiti kimoja tu mbele ya pazia la kijani. Cha pili kilikuwa nyuma yake, na yeye juu yake, namwona miguu tu. "Haya," akasema kutoka huko. "Hapa ndani kuna moto na sufuria. Wewe uko nje kwenye gogo. Nisalimie kama unavyomsalimia." Tulicheka wote wawili, pazia likatikisika. Kisha nikageuza kiti, nikalipa pazia mgongo, na nikasema yote kuanzia dawati la tatu mpaka uzi wa bluu, bila kusimama, kwa mara ya kwanza. Nikamwambia mkono unatetemeka. "Uache utetemeke," akasema, "mdomo si unaongea?" Tulifanya hivyo Alhamisi tatu. Leo ofisini kwangu Embu viti viwili vinaelekea dirishani, vyote upande mmoja, na walimu wapya huniuliza kama nimekosa nafasi. Mimi huwaambia nimezoea hivyo. Katika miaka hii yote ni wanafunzi wachache walioomba tugeuze.

Mtihani nilikuja kuufanya miaka miwili baadaye. Mkono ulitetemeka kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, nikaandika hivyo hivyo, na mwandiko wangu wa siku ile ungemtia aibu mtoto wa darasa la kwanza. Sijapona kabisa hata sasa. Jana mkekani niliushika mkono kando ya sinia. Sijawahi kumwahidi mwanafunzi yeyote kwamba hofu itaisha. Wengine hukasirika nikisema hivyo, wengine hulegea mabega kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Jumapili ya baada ya zile Alhamisi tatu, zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu kufika mahafali. Mvua nyepesi ilikuwa imepita, gogo lilikuwa limelowa, nikakaa hivyo hivyo. Mama alikuwa ndani anamenya viazi vya mukimo, chakula chetu cha kuponda. Nilisikia kisu, na maganda yakianguka kwenye karai. Akaniletea uji mlangoni, akasema nimenenepa, chuo kinanipenda, akarudi ndani. Nikaweka mgongo kwenye mbao. Nikaanza na yale maneno niliyofanyia mazoezi, yakanipotea, nikabaki na yaliyokuwa mafupi. "Mama, usiende Embu. Sitaitwa. Mtihani sikuufanya." Kisu kikanyamaza. Sikugeuka. Nikaendelea, nikamwambia habari ya mkono, ya koo, ya kufa bila kufa, ya kushuka mjini nikashindwa kuupanda mlima, ya chumba nyuma ya msikiti, na kwamba kila nilichomwambia kwa miezi kumi kilikuwa uongo. Ndani ulibaki mlio wa moto tu.

"Na huko Majengo," akasema mwisho, "ulikuwa unafanya nini?"

"Namenya viazi. Kwenye kibanda."

"Viazi vya wapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa nyuzi za bluu zote, zilikuwa kumi na nne, nikazipitisha kwenye nafasi ya mbao. Nikasikia amesimama, amezipokea, ameketi tena. Alikaa akizigeuza, bila shaka. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu, "Kwa hivyo mwaka huu wote umekuwa ukila kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Nami nilikuwa nikifunga gunia nasema, huyu asiyejulikana atakayekula hivi, Mungu amshibishe." Sauti yake ikakatika kidogo, akakohoa kama moshi umemwingia. "Na yule beberu amenona bure?"

Akasema beberu hajui mambo ya mitihani, atachinjwa siku ile ile, na watu wakiuliza sababu wataambiwa mwana amerudi nyumbani. Kisha akasogea, nilimsikia akikokota kigoda mpaka kwenye ukuta, nyuma yangu kabisa.

"Ni mkono upi huo?"

"Wa kulia."

"Ulete."

Nikageuka, nikapitisha vidole kwenye ile nafasi ya mbao, vikapita mpaka penye maungio, mkono wenyewe ukakwama nje. Vilikuwa vikitetemeka kama siku ya kwanza. Akavishika kwa mikono yake miwili iliyolowa maji ya viazi, akavibana, yeye jikoni na mimi nje kama ilivyotakiwa. Alivishika mpaka sufuria ikafurika motoni, ndipo akaniambia nimngoje kidogo akapunguze kuni, na nisiutoe mkono.